Barua ya wazi: Kwelea kwelea wasipuliziwe sumu kwa ndege (eropleni) karibu na nyumba za watu

KWA: Waziri wa Kilimo, Waziri wa Afya, Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, Wakuu wa Mikoa na Wakurugenzi wa Halmashauri zinazolima mpunga, mtama na uwele.

YAH: UPULIZIAJI WA VIUATILIFU KWA NDEGE KARIBU NA MAKAZI

Waheshimiwa,

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Tunaowaandikia ni matabibu na wauguzi wa zahanati, maafisa afya, maafisa ugani na wafugaji wa nyuki wa vijiji vya mpunga na mtama. Hatuandiki kuwatetea kwelea kwelea, ndege wadogo wanaovamia mashamba ya nafaka kwa makundi. Kwelea mmoja hana hata gramu 25, lakini anaweza kumaliza hadi gramu 10 za nafaka kwa siku kwa kula na kuharibu. Kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea si kundi la ajabu, linaondoka na tani 10 kati ya alfajiri na magharibi. Mkulima wa Mbarali au wa Magugu ambaye mpunga wake uko kwenye hatua ya maziwa, punje zikiwa bado laini, hana muda wa kusubiri vikao. Kuamia, yaani kulinda shamba dhidi ya ndege, kutwa nzima kunawatoa watoto shuleni na kina mama kwenye shughuli zao, na kundi kubwa likishuka, kombeo na makopo havifui dafu. Serikali kuingilia kati ni haki ya mkulima huyo.

Tunachokipinga ni kupuliza kwa ndege kwenye malalo (mahali kundi la kwelea linapolala) yaliyo karibu na nyumba, saa ya magharibi, huku kijiji hakijui kinachomwagwa ni sumu gani na zahanati haina dawa ya kuikabili. Tunaeleza sababu kwa urefu kidogo, maana maombi yetu yanatokana nazo moja kwa moja.

Sumu inayotumika sana kwa kwelea katika nchi za Afrika Mashariki na Kusini ni fenthioni, ya jamii ya oganofosfeti. Pipa lake limeandikwa ULV. Maana yake dawa inapulizwa kama ilivyo, haichanganywi na maji, kwa ujazo mdogo wa lita 2 hadi 4 kwa hekta. Udogo huo ni wa ujazo tu. Lita moja ya dawa ya gramu 640 ina zaidi ya nusu kilo ya sumu yenyewe, kwa hiyo lita 3 kwa hekta ni kilo 1.9. Kwa kulinganisha, nzige wa jangwani hupuliziwa fenitrothioni, ndugu yake wa karibu, kwa takriban gramu 400 kwa hekta. Malalo ya kwelea yanapokea zaidi ya mara nne ya hiyo. Malalo ya hekta 10 yanabeba lita 30 za dawa, sawa na kilo 19 za sumu, na zote zinatoka kwenye ndege ndani ya dakika chache.

Sasa hesabu ya hewa. Kwelea hupuliziwa wanaporudi kulala, jua likikaribia kuzama hadi giza linapoingia, kwa sababu ndiyo saa pekee wanapokuwa wamerundikana mahali pamoja, kwenye migunga, matete au miwa. Mchana wametawanyika mashambani. Rubani hana saa nyingine ya kuchagua. Na saa hiyohiyo ndiyo hewa inapogeuka. Mchana jua limechoma ardhi, hewa ya chini ni ya moto, inapanda na kutawanya chochote kilichomo. Magharibi, kama hakuna mawingu, ardhi inapoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake. Ya baridi inabaki chini, ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na upepo unatulia. Asiyejua huona utulivu huo ndio usalama wenyewe. Kumbe matone madogo hayawezi kupanda yakatawanyika, na hayana uzito wa kutosha kushuka. Yanabaki yakielea na kusogea taratibu kuelekea mabondeni, na mabondeni ndiko kwenye visima, majaruba na mara nyingi nyumba zenyewe.

Kila mwanakijiji anaweza kulipima hili kwa macho. Tazameni moshi wa jikoni saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukipanda moja kwa moja na kupotea, hewa inachanganyika. Ukipanda mita chache kisha ukalala na kutandaa juu ya mapaa, sumu itakayoachiwa saa hiyo itatandaa vilevile.

Ukubwa wa tone ndio unaoamua litafika wapi. Tuseme ndege inapita mita 10 juu ya malalo na upepo ni mita 3 kwa sekunde, upepo mwanana wa kutikisa majani. Tone la mikroni 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) linaanguka kwa takriban sentimita 27 kwa sekunde. Litachukua sekunde kama 37 kufika chini, na kwa muda huo litakuwa limesukumwa mita 110. Tone la mikroni 50 linachukua zaidi ya dakika mbili na kusukumwa mita 400. La mikroni 20 linachukua karibu dakika 14, na litakuwa limekwenda kilomita mbili na nusu. Hii ni hesabu ya kawaida ya uzito na hewa, na inachukulia kwamba hewa inaruhusu tone kushuka bila kusumbuliwa. Tena, dawa ya kuchanganywa na maji hupoteza maji yake njiani. Hii ya ULV ni ya mafuta, haikauki haraka, kwa hiyo tone linalofika mbali linafika na sumu yake.

Mtu atauliza kwa nini rubani asipulize matone makubwa tu yakaanguka hapohapo. Jibu ni kwamba tone kubwa linaanguka chini ya mti bila kumgusa kwelea. Ili sumu impate kwelea anayeruka au aliyejibana kwenye tawi la miiba, matone lazima yawe madogo na mengi. Kwa dawa ya magugu unaweza kukuza tone ukapunguza tatizo. Kwa kwelea, matone yanayofanya kazi na matone yanayosafiri yanakaribiana mno kwa ukubwa. Ndiyo maana hatuoni kwamba usalama wa nyumba zilizo karibu unaweza kuachiwa ustadi wa rubani peke yake, hata awe hodari kiasi gani.

Mitambo nayo ina mambo yake. Vichwa vya kupulizia vilivyofungwa chini ya mabawa ni vikapu vya waya vinavyozungushwa na upepo wa mwendo wa ndege, na mapanga yake madogo hupangwa kwa pembe fulani. Pembe ikiwa ndogo, kichwa kinazunguka kwa kasi zaidi na matone yanakuwa madogo zaidi. Panga moja likiwa limepinda, au pembe za vichwa zikitofautiana, bawa moja linatoa matone ya mikroni 80 na jingine linatoa ukungu. Vali ya kufunga ikichakaa, dawa inaendelea kudondoka baada ya rubani kufunga, na hapo ndipo ndege inapogeuka. Malalo yakiwa mita 500 kutoka kijijini, mgeuko unafanyika juu ya mapaa ya watu. Vipimo hivi, yaani pembe za mapanga, mtiririko wa kila kichwa kwa dakika na vali kutovuja, hufanywa ndege ikiwa chini, kwa ndoo na saa, na vinaweza kumalizika ndani ya asubuhi moja. Tunaomba fomu ya vipimo hivyo ijazwe na kusainiwa kabla ya kila msimu na kila baada ya kubadilishwa kifaa, na nakala ibaki halmashauri.

Tufikirie pia magharibi ya kijijini ilivyo. Ndiyo saa ya moto jikoni nje, sufuria hazijafunikwa, watoto wanaogeshwa uani, ng'ombe wanarudi zizini, nguo za mtoto mchanga bado ziko kwenye kamba, ndoo za maji zimepangwa barazani. Mtu akiwa ndani usiku wa manane, hata kwenye nyumba ya madirisha ya neti, anapata kidogo kuliko aliye nje saa hiyo. Haipo saa nyingine ambapo kijiji kizima kinakuwa nje namna ile pamoja na chakula chake.

Asubuhi inayofuata ndiyo yenye hatari tunayoiogopa kuliko zote. Chini ya migunga kunakuwa na kwelea waliokufa na wengine wanaoyumba, mabawa yamelegea, hawawezi kuruka. Wapo walioondoka na dozi ndogo wakaangukia kilomita kadhaa mbali, kwenye kijiji ambacho hakikutajwa popote kwenye mpango. Kwelea ni kitoweo. Kondoa na kwingineko mkoani Dodoma watu wanawatega kwa nyavu na mitego ya kusuka, wanawala na kuwauza, na ni nyama nzuri. Kwa hiyo mtoto anayemwokota ndege asiyekimbia hafanyi jambo la ajabu. Anafanya alichofundishwa nyumbani. Fenthioni inapenda mafuta. Inakaa kwenye manyoya, kwenye ngozi na ndani ya nyama. Kumkaanga au kumchoma hakuiondoi yote, na anayemnyonyoa kwa mikono mitupu anaipata kupitia ngozi hata kabla hajaonja.

Tangazo la "msile ndege waliokufa" halitoshi, kwa sababu kwelea anayeuzwa sokoni siku ya pili hana alama. Kinachofaa ni kikosi chenye glavu za mpira, buti na magunia kuingia kwenye malalo alfajiri, kabla ya watoto na mbwa, kuwaokota walio hai na waliokufa, na kuwafukia kwenye shimo la kina kisichopungua mita moja na nusu, mbali na mkondo wa maji na visima. Kikosi kirudi siku ya pili na ya tatu. Uuzaji wa kwelea usimamishwe kwa tangazo la halmashauri kwenye kata zote zinazozunguka malalo kwa wiki mbili, na wategaji waambiwe mapema ili wasipoteze mtaji. Bundi, mwewe, tai na mbweha nao wanakula mizoga hiyo na kufa, na bundi huyohuyo ndiye anayepunguza panya ghalani.

Kuhusu maji tutasema machache. Visima visivyo na mfuniko, mabwawa ya samaki na matanki ya kuvuna mvua yaliyo upande unakoelekea upepo yafunikwe, au bomba la kuingiza maji litenganishwe, kabla ya saa kumi jioni. Mvua ya kwanza baada ya kupuliza isiingizwe kwenye tanki, bomba la paa ligeuzwe pembeni mpaka bati lioshwe. Mboga za majani zilizo ndani ya kilomita moja zisivunwe hadi afisa ugani aseme. Ng'ombe wasichungwe kwenye malalo, kwa kuwa sumu inayopenda mafuta inatafuta maziwa. Kwa wafugaji wa nyuki, saa 72 za taarifa zinatosha kuhamisha mizinga. Saa 3 hazitoshi, na kuifunga milango ya mizinga usiku mmoja hakusaidii ikiwa maua ya kesho yake bado yana sumu.

Sasa zahanati, ambako tunaomba mtuvumilie. Oganofosfeti huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, kinachozima ishara kati ya neva na misuli au tezi. Kikizuiwa, ishara haizimiki. Mgonjwa anatokwa jasho, mate na machozi, anatapika, anaharisha, tumbo linasokota, kifua kinajaa majimaji na kukoroma, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza, mapigo yanaweza kushuka, na akizidiwa anapata degedege au anashindwa kupumua. Wengi wanaofikiwa na sumu ya upepo hawafiki huko. Wanapata kichwa kuuma, kichefuchefu, macho kuona ukungu na kifua kubana, mambo yanayopita. Tatizo ni kwamba dalili hizo nyepesi zinafanana na malaria, na zile nzito kwa mtoto zinafanana na nimonia au kipindupindu. Muuguzi ambaye hajaambiwa kwamba jana jioni kulipulizwa fenthioni atapima malaria, atatoa maji ya chumvi na sukari, na atakuwa amefuata mwongozo wake vizuri kabisa.

Dawa ni atropini, na hapa hesabu ya bohari inahitaji kubadilika. Kwa mtu mzima mwenye sumu kali huanzwa na miligramu 2 kwenye mshipa, na kila baada ya dakika 5, kama kifua bado kinakoroma, dozi inaongezwa mara mbili: 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Hiyo ni miligramu 30 ndani ya robo saa ya kwanza. Kama ampuli ni ya miligramu 1, mmeshatumia ampuli 30 kwa mgonjwa mmoja. Baada ya hapo anahitaji dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa, yaani miligramu 3 hadi 6, njia nzima hadi hospitali ya wilaya na usiku kucha. Akiba ya ampuli kumi, ambayo kwa kazi za kawaida za kituo ingetosha muda mrefu, inakwisha kabla gari halijawashwa. Mtoto hupewa kwa uzito, miligramu 0.02 kwa kilo, nayo hurudiwa kwa macho yaleyale kwenye kifua. Kipimo cha kutosha ni kifua kukauka, mapigo kuzidi 80 kwa mtu mzima, na makwapa kukauka. Mboni za macho zisitumike peke yake, zinachelewa. Mgonjwa akianza kuweweseka, kupata joto na tumbo likanyamaza, atropini imezidi, isimamishwe kwanza.

Pralidoksimu, pale inapotumika, inatakiwa mapema sana, kwa sababu kwa sumu za aina ya fenthioni kimeng'enya kilichofungwa kinaharibika moja kwa moja ndani ya saa chache. Ikiwa iko hospitali ya rufaa tu, kwa mgonjwa wa kijijini ni kama haipo. Diazepamu iwepo kwa degedege. Sambamba na sindano ya kwanza, bila kuichelewesha, vueni nguo zote za mgonjwa na kumwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia, mhudumu akiwa na glavu nzito na mlango ukiwa wazi. Asipewe maziwa wala mafuta, asitapishwe.

Tena fenthioni ina tabia inayowaponyoka hata wataalamu. Mwili huihifadhi kwenye mafuta na kuibadilisha polepole kuwa sumu kali zaidi, kwa hiyo dalili zinaweza kuchelewa, na mgonjwa aliyepata nafuu anaweza kurudia kuzidiwa siku zinazofuata. Kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya kupumua inaweza kulegea ghafla. Mfundisheni kila muuguzi kipimo hiki: mgonjwa alale chali ainue kichwa kutoka kwenye mto. Asipoweza, apelekwe kwenye mashine ya kupumulia mara moja. Mtu aliyekuwa na dalili za kweli asiruhusiwe kurudi nyumbani siku ileile.

Kwa hiyo tunaomba kila zahanati iliyo ndani ya kilomita 10 kutoka malalo yanayopangwa kupuliziwa iwe na ampuli zisizopungua 100 za atropini ya miligramu 1 siku moja kabla, na kituo cha afya kilicho karibu kiwe na 300, pamoja na oksijeni, mashine ya kunyonya makohozi na gari lenye mafuta. Zisizotumika zihamie kwenye zoezi linalofuata. Mganga mkuu wa wilaya apewe jina la kiuatilifu, nguvu yake, ujazo na ramani. Na kwa siku 14 zahanati hizo zitenge safu kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za wagonjwa, kwa kila mwenye dalili hizo, akiwa ametoka kitongoji gani na alikuwa wapi jioni ile. Bila safu hiyo, kila mwaka ripoti itasema hakuna madhara yaliyoripotiwa, na itakuwa kweli kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Wanaobeba sumu yenyewe wasisahaulike: wapakiaji wa uwanjani, mafundi, waliotumwa kupunga bendera au kuangalia malalo. Wapimwe kolinesterasi kabla ya msimu, ili kila mmoja awe na kipimo chake cha kuanzia, kisha wapimwe wakati wa kazi. Aliyeshuka chini ya asilimia 80 ya kipimo chake, kazi yake ichunguzwe. Aliyeshuka chini ya 70 aondolewe kwenye sumu hadi apande, na posho yake isikatwe, maana posho ikikatwa watu wataficha dalili. Mapipa matupu ya lita 200 yasuuzwe mara tatu kwa mafuta ya taa, kwa kuwa dawa hii haitoki kwa maji, yatobolewe siku hiyohiyo na kurudishwa kwa hesabu ya namba. Pipa lisilotobolewa litaishia kuhifadhi maji ya kunywa.

Upande wa sheria hatuombi kitu kigeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeweka viuatilifu chini ya mamlaka moja. Mei 2025, Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam kuhusu biashara ya kimataifa ya kemikali hatari, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kuiingiza fenthioni ya ULV yenye gramu 640 au zaidi kwa lita kwenye Kiambatisho III, baada ya miaka ya mvutano tangu Chad ilipoipendekeza. Kuingizwa huko si marufuku. Kunaitaka kila nchi inayoagiza iseme wazi: inakubali, inakataa, au inakubali kwa masharti. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuiondoa fenthioni kwenye kilimo chake tangu 2004, na mwaka 2009 ukapiga marufuku upuliziaji wa ndege kwa jumla, ukiacha vibali maalumu ambavyo havitolewi kwa maeneo yaliyo jirani na makazi. Tanzania ina nafasi ya kuandika masharti yake yenyewe, nasi tunapendekeza haya.

Ndege isipulize malalo yoyote yaliyo chini ya kilomita moja kutoka nyumba, shule, zahanati au chanzo cha maji, upepo uwe unaelekea kokote. Upande unakoelekea upepo, umbali uwe kilomita tatu. Tumezipata namba hizo kwa hesabu ya matone tuliyoonyesha juu, na kama wataalamu wenu wana vipimo vya shambani vinavyosema vingine, vichapishwe tuvisome pamoja. Upepo upimwe kwenye malalo yenyewe dakika 15 kabla, kwa kipima upepo cha mkononi, uwe kati ya mita 2 na 4 kwa sekunde na uelekee mbali na watu. Joto lipimwe kwa vipimajoto viwili kwenye mlingoti, kimoja mita 2 na kingine mita 10. Cha juu kikisoma joto zaidi, ndege irudi uwanjani, hata kama kwelea wamejaa mitini.

Taarifa itolewe saa 72 kabla, kwa mtendaji wa kijiji kwa maandishi na kwa wananchi kwa mbiu, gari la matangazo na vipaza sauti vya misikiti na makanisa, ikitaja jina la sumu, saa, mahali na nini kifanyike na maji, chakula, watoto na mifugo. Zoezi likiahirishwa, itangazwe vilevile, maana kijiji kilichojifungia bure mara mbili hakijifungii mara ya tatu. Ndege zina kumbukumbu za GPS zinazoonyesha ilipopita na ilipofungua vali. Ramani hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji ndani ya siku tatu.

Na kwa malalo yaliyo ndani ya kilomita hiyo moja? Hapo ndipo nguvu ya serikali ihamie kwenye kuwahi. Malalo yakiripotiwa wiki ya kwanza, kundi bado linaweza kufukuzwa kwa kufyeka matete na kuwasumbua magharibi mfululizo kabla halijazoea, au kutegwa kwa nyavu kama Kondoa, ambako nyama inabaki salama kuliwa. Skimu nzima ya umwagiliaji ikipanda ndani ya wiki mbili, mpunga wote unakomaa kwa pamoja na kipindi cha kuamia kinafupika. Ndege nyuki (droni) zinazopita mita 3 juu ya matete badala ya 10 zinapunguza safari ya tone kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili, na Kenya ilizitumia na fenthioni kwenye mashamba ya mpunga ya Kisumu mwanzoni mwa 2023. Lakini nazo zinapuliza magharibi, sumu ileile, chini ya hewa ileile iliyotulia. Ziwekewe umbali wake, tunapendekeza usiopungua mita 500, na taarifa, atropini na uokotaji wa mizoga vibaki vilevile. Mkulima ambaye shamba lake litaliwa kwa sababu malalo yalikuwa karibu mno na nyumba kupuliziwa alipwe fidia kutoka bajeti hiyohiyo ya kudhibiti kwelea. Haifai abebe peke yake gharama ya usalama wa kijiji kizima.

Tunaomba majibu kwa maandishi kupitia ofisi za kata kabla mpunga wa msimu huu haujaanza kutoa masuke, na pamoja na majibu hayo, orodha ya malalo yaliyokwisha kuonekana na umbali wa kila moja hadi nyumba ya kwanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Matabibu, wauguzi, maafisa afya, maafisa ugani na wafugaji wa nyuki wa vijiji vya mpunga na mtama

Nakala: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Bohari ya Dawa, wenyeviti wa vijiji wote.